Niliwafungulia Fanta Waliokuja Kununua Nyumba Yangu

Alhamisi, Kamembe. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijaamua kama inaondoka au inahamia kwetu moja kwa moja. Kutoka dirishani silioni ziwa, naona ukungu tu. Cherehani yangu iko wazi mbele yangu, na gauni la mteja limelala juu yake likiwa na mkono mmoja. Sijashona hata mstari mmoja leo.

Nina uchungu, na sitaki kuupamba.

Nianze na Ijumaa iliyopita, maana yote yalianzia kwenye sufuria yangu. Baba Shabani, mume wangu, alirudi kutoka msikitini akaniambia kuna wageni wa heshima wanakuja, nipike kitu kinachoeleweka. Yeye anauza vipuri vya pikipiki karibu na stendi, na wageni wake wa biashara huwa hawakauki, kwa hiyo sikuuliza. Nilipika pilau. Akaleta kreti nzima ya Fanta, nikashangaa kidogo ukarimu huo umetoka wapi, kwa sababu mume wangu kwa kawaida huwapa wageni maji na tabasamu.

Wakaja. Jirani yetu mzee wa upande wa chini, binamu yake mume wangu kutoka kijijini Giheke, wanaume wengine wawili wa mtaa, na bwana mmoja mwenye faili la plastiki ambaye stendi nzima inamwita Direkta, ingawa hana ofisi wala karani. Pamoja nao alikuwa mama mmoja wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Maman Neema, amevaa kitenge kizuri na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri kwa miezi.

Nikawafungulia chupa mmoja mmoja, mbele ya macho yao, kama adabu yetu inavyotaka. Kisha Maman Neema akanifuata jikoni. Akasifu pilau. Akatazama juu, akatazama chini, akagusa ukuta.

"Maman, maji inakatikaka hapa?"

"Haikatikake. Hata kiangazi tunapataka maji."

"Na mvua, haiingiake?"

"Iingilie wapi? Mabati tulibadirisha juzi juzi."

"Majirani beko bazuri?"

"Bazuri sana! Hapa batoto ya muntu mumoja ni batoto ya bote."

Nikamtoa hata nje nimwonyeshe mfereji wa maji ya mvua, jinsi tulivyouelekeza usile msingi. Nikamwonyesha chumba cha mbele ninachoshonea, nikamwambia mwanga wake wa asubuhi ni baraka. Yule mama alikuwa anaitika kwa kichwa, naye anameza kila neno. Nilifurahi. Ni muda mrefu hakuna mtu aliyeniuliza habari za nyumba yangu kwa upendo namna ile.

Kumbe nilikuwa naiuza. Tena naiuza vizuri kuliko Direkta mwenyewe, dalali wao.

Aliyenifumbua macho ni Mama Hadija wa mlango wa pili, jioni ile ile, nikiwa nasugua sufuria. Alisimama kwenye ua akiwa na huzuni ya kweli. "Sasa Giheke mutahamia lini? Tutakosa muntu wa kutushonea," akasema. Nilidhani anatania. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kwa anayesoma hapa na si wa huku: mtu akiuza nyumba au kiwanja, mashahidi lazima wanyweshwe. Wanyarwanda wanaiita inzoga y'abagabo, pombe ya wanaume. Kwetu sisi Waislamu inakuwa Fanta, lakini kazi yake ni ile ile. Ukishainywa, umeona. Ukishaona, huwezi kuruka. Wazee wetu waliuziana hivyo kabla ya karatasi yoyote, na mpaka leo kuna watu wanaiamini chupa kuliko mhuri.

Na chupa zile nilizifungua mimi. Hilo ndilo linaloniwasha.

Nilimuuliza Baba Shabani usiku ule. Hakukana, nimpe haki yake. Alisema bei za Kamembe zimepanda tangu watu wa ng'ambo waanze kutafuta pa kulala kwa amani upande huu, na kwamba nafasi kama hii haiji mara mbili. Ana kiwanja cha urithi Giheke, karibu na mama yake. Tungejenga nyumba kubwa kuliko hii, watoto wangepata uwanja wa kuchezea, naye angepanua duka. Siwezi kusema ni mpango wa kijinga. Ningekuwa mtu baki, labda ningemsifu.

Lakini Giheke nitamshonea nani? Wateja wangu ni wanawake wanaovuka mpaka asubuhi na kurudi jioni. Wanapita hapa na vitenge mkononi, wanapimwa wakiwa wamesimama, wanakimbilia zao. Hakuna atakayepanda pikipiki mpaka kwenye mashamba ya mihogo ili nimkate kola. Chumba kile cha mbele ndicho kilichomsomesha Shabani, mwanetu mkubwa. Baba yake anajua.

Nikamwambia sitaki. Akanitazama kama mtu aliyesikia redio ya jirani.

"Nilikuwa nataka kukuambia. Lakini si hata weye uliona? Ulibafungulia Fanta na mukono yako. Fanta ya bashahidi ikishanywewa, mambo inakuwa imeisha."

"Sikujua ni ya bashahidi."

"Sasa unajua."

Akageukia ukuta akalala. Na mimi, mpumbavu, nikadhani kesho yake atakwenda kumwambia yule mama kwamba mke amekataa.

Hakwenda.

Sasa niseme jambo la faida, ili siku hii isipotee bure. Kama unatafuta nyumba Kamembe, watakuambia njoo wakati wa mvua uone maji yanapita wapi, na ni kweli. Watakuambia uliza kama kiwanja kiko kwenye mteremko ambao serikali inaukataza, tembea mipaka pamoja na majirani, na hakikisha namba ya kiwanja ni ile ile iliyo kwenye hati. Yote hayo fanya. Lakini kabla ya hayo, mtafute mke wa muuzaji. Mkute peke yake, jikoni au sokoni, mahali ambapo mumewe hasikii. Usimuulize habari za maji. Muulize, "Maman, weye unataka kuuzisha?" Kisha nyamaza umwache ajibu. Akichelewa kujibu, rudi nyumbani na pesa zako.

Na wewe unayeuza, baba, mwenye akili nyingi na rafiki mwenye faili la plastiki: hati ina majina mawili. Lile la pili si pambo.

Kwa sababu hati yetu ina jina langu. Tuliandikisha ndoa mbele ya serikali, Baba Shabani akilalamika kwamba nikahi ya msikitini inatosha, na watu wa ardhi walipokuja kuandika viwanja waliandika mume na mke. Siku ile alinitania kwamba sasa nimekuwa bosi. Tulicheka wote wawili. Nilimpenda sana siku ile.

Basi leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda ofisi ya serikali ya sekta, mbele ya mthibitishaji wa mikataba, kusaini mauzo. Aliniambia asubuhi nikiwa nachemsha chai, kama anavyoniambia sukari imekwisha. Nikamwambia tena sitaki. Akasema, "Vaa, tutaongea njiani." Njiani hakuongea. Mvua ilitupiga wote wawili chini ya mwavuli mmoja.

Pale ofisini tulimkuta Direkta amekauka vizuri, maana yeye hujua kuwahi. Mashahidi walikuwepo. Maman Neema alikuwa ameketi mwisho wa benchi na binti zake wawili wamejifunika kitenge kimoja. Aliponiona alisimama akanikumbatia. Akaninong'oneza kwamba vitu vyao tayari vimefungwa, kwamba mwenye chumba wanachopanga amewataka watoke, na kwamba binti mdogo ameshachagua kulala kwenye kile chumba cha mwanga wa asubuhi.

Hakuambiwa kwamba nimekataa. Wiki nzima mtu huyu amekuwa akifunga mizigo kuja kwangu.

Nikiwa mkweli, niliyumba. Nilijiona nimesaini na kila mtu ameridhika: mume, mashahidi, Direkta na kamisheni yake, yule mtoto na chumba chake. Ni mimi mmoja tu ambaye ningeumia, na mtu mmoja huzoea. Wanawake wa ukoo wetu wamezoea mambo makubwa kuliko hayo. Mama yangu alizoea mpaka akazikwa.

Mthibitishaji alikuwa msichana tu, labda rika moja na Shabani wangu. Alisoma majina yetu, akamuuliza mume wangu, mume wangu akajibu ndiyo. Kisha akaninyooshea kalamu na kuniuliza kwa Kinyarwanda, polepole, kama nauza kwa hiari yangu mwenyewe.

Nikasema, "Oya."

Hapana ya Kinyarwanda ni fupi. Ilitoka kabla sijaipanga.

Direkta ndiye aliyeanza. "Maman, usituletee haya hapa. Fanta ulifungua weye. Bashahidi bote banajua ulikubali." Jirani yetu mzee akaitika kwamba kweli, yeye alikunywa, na alipewa na mkono wangu. Binamu wa Giheke akasema hata pilau ilikuwa ya kukubali, maana mtu asiyekubali hapiki pilau ya namna ile. Nilitaka kucheka na kulia. Wamenisifia mapishi siku moja tu katika maisha yangu, na wamenisifia kama ushahidi.

Yule msichana akafunga faili. Akasema yeye hajaandikiwa popote habari za Fanta.

Baba Shabani alitoka nje kwenye mvua bila mwavuli.

Lakini si yeye aliyeniumiza. Aliyeniumiza ni Maman Neema. Alinifuata mpaka kwenye baraza, hakupiga kelele, hakunitukana.

"Maman, ulinionyesha hata mahali maji ya mvua inapitaka," akasema. "Mimi nikasema, hii mama ni muzuri, anatuachia nyumba na roho safi. Sasa nitasema nini kwa batoto?"

"Hakuna muntu aliniuliza, Maman. Hata weye hukuniuliza."

"Niliuliza bwana yako. Si ni ye mwenye nyumba?"

Nilimtazama. Mwanamke mwenzangu, anayevuka mpaka kila siku na mzigo kichwani, anayelisha watoto wake kwa miguu yake mwenyewe, na swali lile lilitoka kinywani mwake bila kona yoyote. Kama ningeulizwa kabla ya Ijumaa, pengine na mimi ningelijibu hivyo hivyo. Wangapi wamefika mlangoni kwangu wakiuliza mwenye nyumba yuko wapi, nami nikawajibu ameenda dukani?

Akawashika binti zake mikono wakateremka kuelekea stendi. Yule mdogo aligeuka kunitazama. Sikumpungia. Ningempungia kwa sura gani?

Nyumba nimeiokoa. Nimeandika sentensi hiyo nikaisoma mara kadhaa, na bado haina ladha.

Baba Shabani alipita hapa mchana. Alichukua mkeka wake wa kuswalia na chaja ya simu, akamwita dereva wa moto, pikipiki ya abiria, akaenda kwa mama yake Giheke. Hakufunga mlango kwa nguvu. Angeufunga kwa nguvu ningepumua. Mlangoni alisema kitu kimoja tu: "Ulinipatisha haya mbele ya bantu." Na hilo ndilo analoliona yeye katika mambo yote. Mimi kuuziwa paa langu huku napakua pilau, hiyo haikuwa haya. Haya ni watu kujua.

Mama mkwe amenipigia simu. Sikupokea. Najua atasema mume anapoelekea ndipo nyumba ilipo, na mimi nitataka kumuuliza mbona yeye hajawahi kuhama Giheke kumfuata mtu, na hapo tutakosana. Bora simu ilie.

Mama Hadija amekuja, akaketi, akaondoka. Alisema nimefanya vizuri. Lakini alisema kwa sauti ya chini, akitazama mlango.

Sijui kama nimefanya vizuri. Najua sikutaka, nikasema sikutaka. Ni neno dogo sana kuwa limebeba mume, ukoo na watoto wawili wa mtu kwenye mvua. Kama Baba Shabani angeniuliza jikoni, kwa sauti ya kawaida, kabla ya kreti, huenda tungebishana mwezi mzima na mwisho nikakubali. Hilo hatalijua kamwe, na mimi sitamwambia.

Kabla ya kuandika hapa nilikuwa napanga chupa tupu kwenye kreti. Zimekaa pale kwenye kona tangu Ijumaa, hakuna aliyezigusa. Katikati yao nikakuta moja bado imejaa. Nikajaribu kukumbuka ni nani hakunywa, na hakuna. Wageni wote walikunywa, wengine tatu wengine nne, na Baba Shabani pia. Basi hii ilizidi. Siku ile hakuna aliyeniambia na wewe kaa unywe, na mimi mwenyewe sikujipa wazo hilo. Nilikunywa maji jikoni, nimesimama.

Nimeifungua. Nimeketi kwenye kiti cha cherehani nikainywa yote, ya vuguvugu.

Kesho nitarudisha kreti dukani. Mwenye duka ni mtu wa maneno, ataniuliza hizi Fanta zilikuwa za sherehe gani. Mpaka sasa sijui nitamjibu nini.