Aliyekaa Miguuni Pangu

Matisi, Jumanne, Agosti 2009

Na bado mwili unanisisimka nikikumbuka.

Yule dada wa utafiti wa mafua alirudi leo. Alitaka tumweleze kwa maneno yetu vile tulivyojisikia tukiugua, mimi na Neema wangu wa miaka minne. Nikamwambia homa, mifupa kuuma, kikohozi. Basi.

Akamgeukia Neema. "Na wewe mrembo, usiku ule wa homa kali ulikuwaje?"

"Kukhu alikuwa anakaa kwa miguu ya mama. Anashikilia mtoto wa tumbo asitoke."

Kukhu ni nyanya yake. Tulimzika Bungoma kabla Neema hajazaliwa. Na mimba hii sijamwambia mtu, hata Baba Neema.

Nikajichekesha. "Wachana na yeye, dada, si ni homa tu."

Yeye hakucheka. "Mama Neema, uko na mimba?"

Nikavuta leso nikafunika tumbo. Kwetu mimba changa haitangazwi, macho ya watu ni mengi. Akasema mafua haya ni mabaya kwa mwenye mimba, ati nifike kliniki kesho mapema, nisingoje kikohozi kiishe.

Usiku ule wa homa, hata mimi nilisikia uzito miguuni. Nilidhani ni blanketi. Hilo sikumwambia.

Kesho nitaenda, na nitasema yote.

Sasa Neema amelala. Amejibana ukutani, ameacha nafasi yangu kitandani, na ya mtu mzima mwingine.

Kukhu, nakuheshimu sana. Shikilia huyu wa tumbo mpaka asubuhi. Halafu uniachie mtoto wangu.