Ndevu za Manjano

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa mtaani Umoja tu wazima. Tangu nyanya yako atutoke, nyumba imekuwa kimya.

Unauliza kama niliwahi kuziona ndevu za manjano zinazoota kwenye magome ya miti, ambazo ninyi wa chuoni mnazitafuta misituni. Niliziona nikiwa kijana mpasua mbao huko kwetu, kwenye mti mmoja tu mkongwe msituni.

Rafiki yangu Wafula alisema, "Tuuache huu. Sijaziona kwingine."

"Ni uchafu tu wa mti," nikamjibu, nikaukata.

Jua likaingia palipokuwa na kivuli, ndevu zikakauka zote. Nilizitafuta msitu mzima nisizipate. Wafula hakunilaumu, lakini hakushika msumeno nami tena.

Ukizipata huko, niandikie upesi, hata mistari miwili.

Babu yako