Hando la Hawe

Jumamosi, Barani

Na sharti lile nililiandika mimi mwenyewe: kila mwanamke wa kikundi chetu aje kwenye tamasha na hando, sketi yetu ya marinda ya Kigiriama, jeupe, jipya, la kufanana. Sikumfikiria hawe, nyanya yangu mzaa mama.

Amekuja asubuhi kutoka kijijini na hando lake la siku zote, analolimia na kuendea kisimani, marinda yashageuka rangi ya vumbi. Sisi wengine tulifika tumevaa madera, mahando yetu yamo kwenye mifuko. Msichana wa mlangoni akamzuia kwa adabu zote.

"Shikamoo, nyanya. Samahani, leo ni vazi la asili tu."

Hawe akajitazama kiunoni, kisha akanitazama mimi. Ningeweza kusema neno. Nikampa jipya la akiba.

Akaligeuza huku na huku. "Mbona hili halifungwi?"

Nikamwambia lina mpira. Na sponji ya kutunisha nyonga, imeshonewa humo humo.

Jukwaani mshereheshaji akasoma karatasi niliyomwandikia, kwamba kila rinda la hando lina siri yake. Hawe akaninong'oneza, "Siri gani? Mimi hukunja mpaka kitambaa kiishe."

Tulipigwa picha nyingi. Baadaye kila mtu akarudia dera lake, na hawe hando lake kuukuu. Lile jipya alilikunja vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Ahsante, mwanangu. Leo na mimi nimevaa kama Mgiriama."