Mama Verlene Hakusinzia

Latrice, uko? Usinipigie. Niko chooni hapa mahakamani, nimejifungia.

Nimemdanganya jaji.

Leo tulikuwa tunachagua wale watu kumi na wawili wa kuamua kesi ya Jarvis, yule kijana mweusi wa miaka kumi na tisa. Mwendesha mashtaka kawaondoa weusi mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Akabaki Mama Verlene wetu wa kwaya. Naye kaondolewa, eti alikuwa anasinzia.

Watu walipotolewa nje, wakili wa Jarvis, Roscoe Bellamy, akasimama. "Mheshimiwa, sheria hairuhusu kumwondoa mtu kwa rangi yake. Weusi sita, sababu sita. Huyu mama hajafumba jicho tangu asubuhi. Muulize karani wako, anakaa akiwatazama."

Jaji akanigeukia. "Alisinzia?"

Latrice, mimi, mweusi mwenzao. Lakini kazi yangu iko mikononi mwa huyu jaji. Nikasema, "Sikuona, mheshimiwa."

Sikuona. Kwa mdomo wangu huu.

Basi, ikaisha hapo. Watakaomhukumu Jarvis ni weupe watupu.

Nikamkuta Mama Verlene kwenye korido na mkoba wake, nikamweleza nilichosema. Hata hakunifokea. Alinitengenezea kola, kama anavyofanya kabla hatujaimba, akasema, "Mwanangu, asubuhi nzima nilikuwa nakutazama wewe. Si ulinikonyeza, nami nikakukonyeza?"

Nilimkonyeza, Latrice. Mara mbili.