Nafasi ya Kabeya

Mujukuu wangu Ngoie, jambo sana. Huku Lubumbashi tuko bazima, ni magoti ya bibi yako tu inamusumbua.

Unaniuliza kama ni haki université kugawa nafasi kwa région, jimbo kwa jimbo. Mimi nilipita mutaa wetu wa Katuba muzima kwa akili, isipokuwa jirani yangu Kabeya. Siye wote tulizaliwa hapa, lakini fomu iliuliza kwabo na baba ni wapi: kwangu Pweto, kule Shaba ku ziwa ya samaki, sijafika hata siku moja; kwake Kasai. Ba Shaba, ni kusema ba Katanga ya leo, tulikuwa bachache ku université, bakanipokea. Kabeya alinipita pointi, bakamuacha. Akacheka: "Nenda, muvuvi, utuletee samaki!"

Asubuhi ya kwanza ya masomo, mama ya Kabeya njo alinipigia shati pasi. Nilisoma mwaka moja tu, nikaanguka mitihani; kwa kuchekesha ninasemaka maprofesa baliniogopa. Ule mama ningali ninakutana naye ku soko, na sijue nimuambie asante ao pole.

Ni miye, babu yako mudogo.