Mkaguzi Hurudi na Feri ya Saa Tisa

Kvitsundøya, 4 Februari

Mwanangu Vigdis,

Salamu nyingi zikufikie, wewe na mumeo na yule mbwa wenu asiye na adabu. Hamjambo huko mjini? Mimi ni mzima, isipokuwa hii nyonga mpya inayojiona ina akili kuliko mwenyewe. Nikikaa inataka kusimama, nikisimama inataka kukaa. Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu ya hapa iko mezani pa wahudumu, na nikiishika tu ukumbi mzima unaacha kutafuna ili usikie.

Jumanne alikuja mwenzako wa ofisini, Bwana Kjell, kukagua makao yetu ya wazee. Siku hiyo tuliishi, mwanangu. Maua, vitambaa vyeupe, keki ya tufaha na krimu, na kila meza jagi la maji lenye vipande vya limau. Turid, meneja wetu, alikuwa amepaka rangi ya mdomo. Kjell alikula vipande vitatu vya keki, akatuuliza kama tunaridhika, nasi tukaitikia kwa kichwa maana vinywa vilikuwa vimejaa.

Feri ya saa tisa ilipoondoka naye, majagi yakarudi jikoni. Hapa kwetu tukishakula chakula cha saa kumi, hapana tone la kinywaji mpaka asubuhi. Ukiomba maji unaambiwa, "Bi Borghild, ukinywa sasa utataka msalani usiku, na mimi niko peke yangu." Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tunapona siku ya mgeni tu.

Mimi nina mdomo, nasumbua mpaka napewa. Sigvart wa chumba cha jirani hana. Tangu apooze hasemi wala hashiki kikombe. Jioni analamba midomo na kulitazama bomba la sinki. Siwezi kuendelea kuliona hilo.

Wewe ndiye mkaguzi. Fanya jambo.

Shangazi yako,
Borghild


Nordhavn, 10 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na mbwa anakusalimu kwa kula kiatu kingine. Nyonga uibembeleze, lakini mazoezi usiache.

Barua yako imenisumbua. Mimi siruhusiwi kukagua mahali alipo ndugu yangu, na wewe umenilea tangu Mama alipofariki, kwa hiyo ni zaidi ya ndugu. Nimemuuliza Kjell. Anasema makao yenu ni ya kuigwa, na kwamba alikuja bila taarifa kama sheria inavyotaka. Hata mimi sikujua siku yake. Je, haiwezekani kwamba ni mhudumu mmoja tu mvivu? Zungumza kwanza na Turid. Nilisoma naye, si mtu mbaya.

Usinikasirikie. Nakupenda.

Mwanao,
Vigdis


Kvitsundøya, 14 Februari

Vigdis,

Marahaba. Mzima, na nimekasirika.

Bila taarifa! Umekaa mjini mpaka umesahau kwenu? Feri yetu ina Oddvar, mkata tiketi. Mgeni akipanda, Oddvar anapiga simu. Akija mchungaji, kahawa inachemshwa. Akija daktari wa meno, watoto wanasugua meno njiani kwenda shule. Hana ubaya wowote, ndivyo tulivyolelewa hapa kisiwani: ni aibu mgeni akute meza tupu. Basi Kjell alipokata tiketi na ule mkoba wake, Oddvar alimpigia Turid, na feri haijafika katikati ya maji, malimau yalikwisha kukatwa. Ninyi wakaguzi mnakagua ukarimu wetu. Makao yenyewe hamjayaona bado.

Turid nimezungumza naye, kama ulivyoniagiza. Alinishika mkono, akasema ananielewa kabisa, akaniletea blanketi. Nilikuwa nimeomba maji.

Tena nikwambie kitu kimoja kitakachokunyima usingizi kama kinavyoninyima mimi. Oddvar ni mtoto wa Sigvart. Humtembelea babake asubuhi, kabla ya feri ya kwanza, wakati wa uji, na kila mara anakuta kikombe kiko mbele ya mzee. Kwa hiyo anaondoka ameridhika. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii hata nguo yenyewe haijui.

Shangazi yako,
Borghild


Kvitsundøya, 2 Machi

Vigdis mwanangu,

U mzima? Hukujibu. Natumaini ni kazi na si ugonjwa.

Jana boti ya wagonjwa ilimchukua Sigvart. Alikuwa na homa, hamtambui mtu, ulimi umekauka kama kipande cha ngozi. Daktari alisema ni ukosefu wa maji, akasema taratibu huku anamtazama Turid. Turid alijifungia ofisini akalia, na sidhani alikuwa anaigiza. Malene, binti wa zamu ya jioni, alilia kwenye chumba cha mashuka. Huyo ndiye anayetunyima maji, na namwonea huruma. Tangu walipopunguza wafanyakazi, jioni anabaki peke yake na wazee wote hawa. Mmoja akimwita msalani, mwingine anaanguka upande wa pili. Hana uvivu. Amechoka, na wakubwa wake wanajua.

Nina hasira mpaka nimeisahau nyonga. Usiniandikie tena habari za sheria. Niandikie utafanya nini.

Shangazi yako,
Borghild


Nordhavn, 6 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta njia ya kukuonyesha kwamba umekosea. Sikuipata. Sigvart anaendeleaje? Ninamwombea.

Nimeyapeleka yote kwa mkuu wangu. Nimesema wazi wewe ni nani kwangu, nikajitoa. Kazi amepewa Bi Åshild, ambaye humjui, na ni vizuri humjui. Hatanitajia siku, nami siulizi. Nimemweleza mambo mawili tu. La kwanza ni feri ya saa tisa, ambayo ofisi nzima hurudi nayo kwa sababu inayofuata ni ya saa tatu usiku, na kila mtu ana watoto au mbwa. La pili ni Oddvar. Mwanzoni Åshild alicheka. Kisha akaniomba nirudie.

Shida ni kwamba feri ni hiyo moja. Aje asubuhi, aje jioni, tiketi atakatiwa na Oddvar, na simu italia. Hilo sina dawa yake. Hata bahasha hii nimeinunua dukani, maana yenye muhuri wa ofisi ingepita mikononi mwake kwenye mfuko wa barua.

Kunywa maji, Shangazi. Uwasumbue.

Mwanao,
Vigdis


Kvitsundøya, 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Dawa ninayo mimi.

Sigvart amerudi, amekonda, lakini macho yake ni yaleyale. Leo asubuhi Oddvar alipokuja kumwona, nilimwita chumbani kwangu, nikamwambia akae. Akakaa, kofia mapajani.

"Oddvar, babako alikaushwa na simu yako."

"Bi Borghild, mimi napiga simu ili watu wajiandae tu."

"Na wanajiandaa kweli. Hebu njoo hapa saa moja jioni uone inavyokuwa wasipojiandaa."

"Saa moja mimi niko kwenye feri."

"Najua. Wakaguzi nao saa hiyo walishapanda feri yako wakarudi kwao."

Akauliza mzee hupewa nini baada ya chakula. Nikamwambia hapewi kitu. Akasema haiwezekani, asubuhi kikombe huwa kimejaa. Nikamuuliza kama ameshawahi kuona mzee amekifikia kwa mkono wake. Akaizungusha kofia, akainuka, akatoka bila kuaga.

Sijui nimempata au nimempoteza. Mkewe na Turid ni mtu na binamu yake. Yakifika kwa Turid, nitakula mabonge ya samaki ya baridi mpaka siku ya kuzikwa. Na yafike. Nimeyasema, na ningeambiwa niyaseme tena ningeyasema kwa sauti zaidi.

Shangazi yako,
Borghild


Kvitsundøya, 11 Aprili

Vigdis mwanangu mpenzi,

Salamu, tena salamu. Natumaini mu wazima wote. Mimi ni mzima sana, na leo nakuandikia kwa raha, kwa hiyo vumilia.

Simu haikulia. Jioni moja mwezi uliopita tulikuwa ukumbini, televisheni inatutazama, Malene anakimbia huku na huku, mara mlango ukafunguliwa akaingia mwanamke amelowa mvua. Nyuma yake Oddvar, na sare yake ya feri. Kumbe alikuwa amempa mwenzake mashine ya tiketi. Mwanamke akasema jina lake ni Åshild, anatoka ofisi ya ukaguzi, na asisumbuke mtu. Anaomba glasi ya maji tu, upepo umemkausha koo.

Malene akafungua kabati. Hamna glasi. Akaenda jikoni. Pamefungwa, na ufunguo alikuwa nao mpishi, na mpishi yuko kwake anafuma soksi. Akarudi akasimama mikono mitupu. "Hatuna maji jioni," akasema, na nafikiri aliyasikia maneno hayo mwenyewe kwa mara ya kwanza. Åshild hakumgombeza. Alitutazama mmoja mmoja, akavua koti, akavuta kiti. "Basi nitasubiri nanyi," akasema.

Oddvar hakusubiri. Alitoa chupa ya chai aliyokuwa nayo ya feri, akatia kidogo kwenye kifuniko, akaipuliza ikapoa, akaanza kumnywesha babake kwa kijiko. Sijapata kumwona mtu mzima akilia hivyo na kijiko kisitikisike. Sigvart alimaliza kifuniko, akakigonga kwa kidole, yaani ongeza. Nami nililia, sikufichi.

Matokeo utayaona ofisini, lakini uyasikie kwangu pia. Jioni sasa wako wawili, ni amri, na jikoni hapafungwi. Halmashauri imepiga kelele kuhusu fedha mpaka Turid mwenyewe akaenda kwenye kikao chao akawauliza ni nani kati yao anataka kulala na kiu. Hanisalimu kwa mapenzi, lakini ananisalimu. Oddvar bado anampigia simu mke wa mchungaji. Nilimuuliza akipanda mkaguzi je? Akaniangalia kama hanijui. "Mkaguzi gani? Mimi sijaona mtu."

Ningekuandikia zaidi, ila nisamehe naikata barua ghafla. Nimekunywa vikombe viwili vya kahawa tangu chakula, mwanangu, viwili vizima, na sasa nimebonyeza kengele. Nasikia wanakuja.

Shangazi yako,
Borghild