Ramani Iliyo Wazi kwa Wote

2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima, ila Baba miguu inamsumbua. Mkeo je?

Juzi walikuja watu na kamba, wakapima mpaka kwenye kibaraza chetu. Nikawauliza, wakasema, "Mama, sisi tunapima tu." Mtaani wanasema barabara mpya itapita hapa. Wewe ndiye unayeweka ramani za wizara kwenye tovuti. Hebu niambie, inapita kwetu au haipiti? Baba anataka kuezeka upya. Nimemwambia asubiri jibu lako.

Dada yako

29 Aprili

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Mke wangu hajambo. Mpe Baba pole ya miguu. Samahani nimechelewa, kazi zimenibana.

Hilo siwezi kukujibu. Nikiwaambia ndugu zangu pembeni, huo ni upendeleo, nami nimekula kiapo. Lakini ndiyo maana tumeijenga ile tovuti: mwananchi yeyote anaingia, anatafuta, anaona. Siku hizi hakuna siri. Jaribu.

Mdogo wako

23 Mei

Mdogo wangu,

Habari za huko? Baba anakusalimu. Sasa anatembelea fimbo.

Jana niliacha cherehani na nguo za watu, nikaenda duka la intaneti. Mwenye duka akanisaidia. Tukaandika jina la mtaa wetu, hakuna kitu. Tukaandika "barabara", zikatoka picha za waziri akikata utepe. Mwenye duka akacheka: "Huyu utamwona mpaka uchoke!" Mimi kicheko sikuwa nacho.

Sikuombi siri ya nchi. Ndiyo au hapana, basi.

Dada yako

8 Agosti

Mdogo wangu,

Miezi miwili na ushee sijapata hata salamu yako.

Jumatatu tingatinga lilikuja. Baba alikaa kitini mlangoni, akasema, "Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu, sitoki." Askari wawili wakambeba na kiti chake. Msimamizi akaniambia muda wa kuweka pingamizi ulikwisha mwezi wa sita, eti ramani ilikuwa mtandaoni tangu mwezi wa tatu.

Kumbe ulijua.

Tumepanga chumba kimoja nyuma ya soko. Baba hataki kula.

Dada

19 Agosti

Dada yangu,

Poleni sana. Nimelia. Lakini nielewe: ramani ilikuwepo. Ninyi mlitafuta kwa jina la mtaa, na viwanja vimewekwa kwa namba. Maelekezo yapo chini kabisa ya ukurasa. Ningefanya nini zaidi bila kumwaga unga wangu?

Mwisho wa mwezi nitakuja nimchukue Baba akae kwangu. Mwambie.

Mdogo wako

1 Septemba

Baba alifariki Jumanne. Tulimzika Jumatano.

Barua yako nilimsomea yote, hata hapo pa namba. Akili zake zilikuwa timamu. Siku ile ya mwisho nikamuuliza, "Nimwite mwanao?" Akasema, "Mwache. Asije akafukuzwa kazi."

Hakusema kwa hasira. Hasira ninayo mimi.

Ukija, hutanikuta. Chumba nimeshakirudisha, na ninakohamia sikuambii.

Binti yake